Lebo Nambari 3 ya Koplo Kropp

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2019, Lindsay Kropp atakabidhi funguo za chumba cha kumbukumbu cha kikosi chetu cha ndege za mizigo, baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi: sita akiwa fundi wa ndege, thelathini na mitano akiwa mtunza historia. Amefanya kazi chini ya makamanda kumi na wanne. Watatu kati yao walikuja wakiamini kwamba historia ya kikosi ilianza siku walipowasili wao. Lindsay aliwarekebisha kwa upole, kikombe cha chai mkononi.

Bronwyn, katibu wa chama chetu cha wastaafu, ameniomba ukurasa mmoja mwepesi wa kijitabu cha sherehe ya kumuaga, nisiwachoshe watu kabla ya keki. Nitajaribu.

Kikosi kilizaliwa mwaka 1943 huko Guinea Mpya, kwenye uwanja wa matumbawe, kikiwa na ndege tisa na mahema yanayovuja. Vita vilipokwisha kikavunjwa. Nambari yake ililala miaka kumi na minane, ikaamshwa hapa Queensland na kupewa vikundi viwili vya marubani na kimoja cha mafundi. Tunayajua haya kwa sababu ya Lindsay. Kabla yake, historia yetu ilikuwa ya marubani tu. Yeye aliwaandikia barua wajane na wajukuu mpaka akapata majina 212 ya mafundi, wapishi na watu wa redio, na leo yako ukutani. Aligundua pia kwamba bendera yetu ilikuwa na mwaka wa kuzaliwa usio sahihi. Bendera mpya ikashonwa, na kamanda wa wakati huo hakumsemesha wiki nzima.

Haandiki jambo mpaka mtu aliyekuwapo atie sahihi. Mafundi wakipita dirishani kwake humtania: Mzee Kropp, umeshaandika kwamba pai ya leo ilikuwa mbichi? Naye huwajibu bila kuinua kichwa, shahidi ni nani, aje hapa.

Sasa niseme alivyofika katika chumba hicho. Nina miaka themanini na mitatu, na daktari wangu ameacha kunipa matumaini kuhusu moyo wangu. Sitapata kijitabu kingine cha kuandikia.

Katika hangari yetu kila kifaa kina umbo lake lililopakwa rangi ubaoni. Ukichukua spana, unatundika mahali pake lebo ya shaba yenye jina lako. Kila fundi ana lebo tano, nambari 1 hadi 5. Siku hizi ubao hukaguliwa kabla ya kila safari. Zamani tulikagua jioni tu.

Tarehe 9 Februari 1984 kulikuwa na mafuriko kaskazini, na ndege ilitakiwa haraka. Mimi nilikuwa sajini, Lindsay koplo wangu. Nilihitaji spana, na lebo zangu zote tano zilikuwa tayari ubaoni. Juu ya benchi palikuwa na lebo ya Lindsay, nambari 3. Nikaitundika hiyo. Nikafanya kazi ndani ya mkia, nikafunga kifuniko, ndege ikaondoka. Wakati wa kutua, spana niliyoisahau humo ilibana waya za mkia. Ndege ikaacha njia, gurudumu la mbele likavunjika, na rubani akavunjika mkono.

Mbele ya wachunguzi Lindsay alisema hakuichukua spana ile. Nikaulizwa mimi.

"Ubao haudanganyi, Afande," nilisema.

Nilidhani atakaripiwa tu. Aliondolewa kwenye ndege moja kwa moja, kazi aliyoipenda tangu utotoni, akapelekwa kutunza makaratasi. Mwaka uliofuata mimi nikapandishwa cheo kuwa afisa mteule. Kazi ya kwanza ya Lindsay kwenye makaratasi ilikuwa kuandika ukurasa wa Februari wa kitabu cha kikosi. Aliandika: "Mahali pa spana palikutwa lebo nambari 3 ya Koplo Kropp." Hakuongeza neno.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake nikamweleza yote. Alinimiminia chai kwanza.

"Najua, Mzee Nev," alisema. "Asubuhi yote ile nilikuwa juu ya bawa. Wewe ndiye uliyenipandisha."

"Mbona hukuandika?"

"Sikukuona ukiitundika. Siandiki nisichokiona. Lakini nafasi nilikuachia."

Akafungua kitabu cha 1984. Chini ya ukurasa ule kulikuwa na mistari minne mitupu. Katika vitabu vyake vyote hakuna ukurasa mwingine ulioachwa hivyo.

Niliijaza hapo hapo: "Spana ilichukuliwa na Sajini N. Strachan, aliyetundika lebo isiyo yake na baadaye akasema uongo." Lindsay alisoma, akaniuliza kama nina hakika na tarehe, akapuliza wino ukauke, akafunga kitabu.

Lindsay, kikosi kinakushukuru kwa majina 212 na kwa kila ukurasa. Mimi nakushukuru kwa mistari minne. Lebo yako, niliyoichukua uchunguzi ulipokwisha, nimekaa nayo miaka yote hii ndani ya soksi, na Ijumaa nitakurudishia mbele ya watu wote. Nenda kapumzike, uvue samaki, uwe na siku nyingi zenye amani, na usiziandike.

Neville Strachan, afisa mteule mstaafu. Shahidi. Nilikuwapo.