Siku Tatu Zilizoliwa na Mfuko wa Unga

Nawasalimu kwa jina la Yule aliyenirudisha. Kaeni, kaeni, leo siimbi. Mama mchungaji ameniomba niongee kwa upole, na mimi nimemjibu nitajaribu. Lakini ndugu zangu, nawaambia ukweli, upole wangu wa leo nimeuacha kule sokoni Warwick, juu ya cherehani.

Wengi mnanijua. Ni mimi yule fundi mnayemletea kitenge Ijumaa jioni mkitaka kukivaa Jumapili asubuhi. Mnacheka? Mnajijua.

Miaka miwili iliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Hispania. Akasema, "Yaya," maana mimi ndiye dada yake mkubwa, "mama amezidiwa. Madaktari wanasema tuhesabu siku, tusihesabu miezi." Mama nilikuwa sijamwona miaka kumi na nne, tangu vita vya Kongo vilipotutawanya, mimi nikashuka huku Durban, wao wakapelekwa Ulaya. Nikakimbizana na visa mpaka soli za viatu zikaisha. Nikaipata. Siku hiyo nilipiga magoti pale pale barabarani, kwenye robot, zile taa za barabarani, magari yananipigia honi.

Sasa mnajua mambo ya kwetu. Ukipata visa, habari inafika kanisani kabla yako. Mtu wa kwetu hasafiri peke yake, anasafiri na chakula cha jengo zima. Huyu analeta sombe, majani ya muhogo yaliyokaushwa, yule ndakala, vile visamaki vikavu, mwingine mawese kwenye chupa ya soda. Na iko sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: mzigo wa mtu haufunguliwi. Ukiufungua umemwita mwizi. Kwa hiyo tunabeba, tunanyamaza, tunasema Mungu atatulinda, kama vile Mungu ndiye aliyepanga begi.

Dada mmoja, sitamtaja, tulikuwa tunaimba naye kwaya moja, aliniletea mfuko wa unga wa muhogo. Wa binamu yake huko, alisema, anatamani fufu, ugali wa muhogo wa nyumbani. Mdomo wa mfuko umeshonwa kwa mkono. Mimi ni fundi, nawaambia jicho langu liliona. Nikajiuliza, mshono mzito hivi kwa ajili ya unga tu? Jicho liliona, aibu ikafunga mdomo. Kesho yake akanitumia sauti kwenye simu: "Mama, usikate ule uzi, nimeushona mwenyewe vizuri, unga utamwagika. Na wakikuuliza, sema vyote ni vyako, hawatakusumbua."

Mnajua nilimjibu nini? "Sharp, dada." Yaani, sawa, hamna shida. Eish! Nikikumbuka lile neno natamani kujipiga kofi.

Nikafika Hispania. Pale uwanja wa ndege askari mwanamke akaniuliza kwa Kiingereza, begi umelipanga mwenyewe? Nikasema ndiyo. Vyote ni vyako? Ndiyo. Unaongea Kiingereza? Ndiyo. Mimi, mwenye Kiingereza cha kupimia watu viuno na mabega! Nilikuwa naitika tu kwa heshima, ili nipite haraka nikamwone mama.

Wakachukua kisu, wakapasua mfuko. Ndani ya unga, kwenye plastiki, zilikuwamo pasipoti tatu. Sura za watu ambao sijawahi kuwaona tangu nizaliwe.

Wakachukua simu yangu. Wakasema nitoe namba ya ndugu yangu, nikatoa macho, maana namba ya mdogo wangu mwenyewe sikuijua kichwani. Iko ndani ya simu, simu iko kwao. Wakaleta karatasi, imeandikwa Kihispania tupu. Nikatia saini, nikidhani ni ya kupokea begi langu. Kumbe ile karatasi, waliniambia baadaye, ilikuwa inasema mimi sihitaji mkalimani. Nilisaini mwenyewe, kwa mkono wangu huu, kwamba naelewa kila kitu!

Nikafungiwa. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili niliongea Kiingereza changu, na kila nilipoongea nikazidi kuonekana mwongo. Nasema "my sister gave me", nikimaanisha dada wa kanisa, wao wanaandika ni ndugu yangu wa damu! Mdogo wangu akaanza kuulizwa maswali, mama yuko kitandani anatazama mlango, anauliza niko wapi. Na mimi nimekaa kwenye benchi kwa ajili ya unga. Unga! Hata sikuupenda ule unga.

Siku ya tatu asubuhi mama mmoja mweusi alipita akipiga deki kwenye korido. Akanitazama, akaninong'oneza kwa Kifaransa, bila kusimamisha deki yake: "Umeomba mkalimani?" Nikamwambia nimesaini kwamba simtaki. Akasema, "Saini inafutika. Sema neno moja tu, intérprete. Lirudie mpaka wachoke."

Nikasimama. Nikasema intérprete. Wakaniambia kaa. Nikasema intérprete. Wakaniambia subiri. Nikapiga kelele intérprete mpaka mbwa wa ukaguzi akaanza kubweka. Ndio, chekeni, hata mimi sasa nacheka.

Mchana wakanipa simu mezani. Sauti ya mwanaume, Kiswahili kile safi cha pwani: "Shikamoo, mama. Pole sana. Nieleze taratibu, nitatafsiri kila neno." Sisi watu wa Uvira shikamoo hatuitumii sana, mnajua. Lakini ile siku nilijibu marahaba nikalia kama mtoto. Siku tatu nilikuwa mhalifu, huyu akanirudishia umama wangu kwa neno moja.

Nikamwambia awaombe wafungue simu yangu, wasikilize ile sauti. Ikachezwa. "Usikate ule uzi, nimeushona mwenyewe." Akatafsiri. Yule askari mwanamke akaomba irudiwe. Ikarudiwa mara tatu. Kabla jua halijashuka nilikuwa nje, mdogo wangu amenishika mkono.

Mama alinitambua. Akauliza, "Umechelewa wapi, mwanangu?" Nikasema ndege ilichelewa. Nilimdanganya mama yangu kitandani pa kufia, ili kuficha aibu ya mtu mwingine! Baada ya hapo aliishi siku nane. Tangu nitue, Mungu alikuwa amenipa siku kumi na moja na mama yangu. Nilipata nane. Tatu ziliniishia kwenye benchi.

Nikarudi Durban na moto. Yule dada nikamkuta, akasema, "Hata mimi nilitumwa." Hata mimi nilitumwa! Basi hakuna mwenye kosa, kosa ni la muhogo. Akahamia Pinetown. Na wazee wetu, naomba mnivumilie baba zangu, mliniita mkaniambia nisamehe, ninyamaze, nisiliaibishe kanisa. Kusamehe najitahidi. Iko siku nasamehe mpaka saa sita mchana, halafu napita mbele ya duka naona mfuko wa unga. Lakini kunyamaza, hapana. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kazi yangu ni nguo. Nikinyamaza, wa pili ataingia shimo lile lile.

Na wa pili yuko hapa. Dada yetu mwenye kitambaa cha njano anasafiri Alhamisi, nchi ile ile. Dada, nisikilize. Namba ya mwenyeji wako na anwani yake, ishike kichwani, kisha uiandike pia kwenye karatasi uiweke ndani ya kiatu. Pasipoti toa kopi, asili ikae penginepo. Kwenye treni zao begi liwe tumboni, sio mgongoni, na simu usiiweke mezani ukinywa kahawa, kule kuna watu mikono yao ni laini kuliko ya daktari. Ukiwa hatarini piga 112. Wasalimie watu buenos días hata dukani, wanapenda. Lakini kabla ya salamu yoyote, jifunze intérprete. Usisaini usichokisoma. Usiseme ndiyo kwa heshima. Mbele ya askari, ndiyo ya heshima inafunga mtu.

Namshukuru yule mama wa deki, jina lake sikulipata. Namshukuru kijana wa shikamoo. Nawashukuru wamama wa kikundi hiki, mliopika kwangu na kulisha watoto wangu nilipokuwa sipatikani. Mungu awakumbuke.

Sasa la mwisho, halafu nakaa. Dada yetu amekuja na begi lake, nimemwomba mimi. Liko pale nyuma. Najua mna mizigo humo, karibu nusu ya watu wa humu ndani. Nimekuja na mkasi wangu wa kazi. Kila mwenye mzigo atakuja hapa mbele, ataukata mwenyewe, tutaona wote, halafu mimi nitaushona upya bure. Anayeona ametukanwa, auchukue mzigo wake aende nao nyumbani.

Nyamazeni kidogo. Najua ni aibu, kwa hiyo naanza na wangu. Huu hapa, nimeushona jana. Naukata. Ni kitenge, yadi mbili, cha kufunika kaburi la mama kule Hispania. Shika, dada, kikunjue, kipapase mpaka kwenye pindo, usinionee haya. Haya, nani anafuata?