Miwani ya Mama Nanyori

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Shule, Mwalimu Patrisi, walimu wote, wazazi mliotoka Piyaya, Sale na Wasso kwa mabasi ya alfajiri, nanyi wasichana mnaosinzia kule nyuma: itifaki imezingatiwa.

Mimi ni Verediana. Nina kampuni ya kutembeza watalii pale Karatu, na televisheni hii iliyofunikwa kitambaa nimeileta mimi, ndiyo maana mmenialika kuzindua chumba chake. Nimepewa dakika tano. Kwa Mrombo kama mimi dakika tano ni za salamu tu, lakini nitajitahidi. Hotuba niliyoandika ilikuwa ya furaha. Nimeikunja asubuhi hii pale getini, na nitawaambia kwa nini.

Miaka mitano iliyopita niliwapeleka Piyaya watu wa televisheni. Walitaka mwanamke wa kuhojiwa, nami nikawapa aliye bora kuliko wote niliowajua: Sintamei, Mama Nanyori, mwenyekiti wa kamati ya maji. Alijifunza kusoma akiwa tayari na watoto wanne. Alivaa miwani ya fremu nyeusi, na alipolifungua daftari la zamu za maji akasoma kwa sauti, wanaume walinyamaza.

Mkuu wa wale wapiga picha akaniambia, "Mwambie avue miwani. Haiendani na picha." Mkalimani nilikuwa mimi. Nikamwambia. Mama akaniuliza, "Vere, nikiivua nitasomaje?" Nikamjibu, "Dada, hawataki usome." Akaivua. Wakambebesha mzigo wa kuni ambazo hakuzikata yeye.

Alizungumza karibu saa nzima kuhusu pampu, mabomba, na wasichana wanaokosa shule kwa sababu ya foleni ya maji. Kilichorushwa hewani ni mgongo wake na zile kuni, na sauti ya mwanamume ikisema kwamba mwanamke huyu haijui kesho yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikwenda Piyaya, na mwenyeji hakupona.

Ndugu wageni waalikwa, washeni televisheni yoyote mtakayo. Mwanamke wa mjini analia kwenye kochi akigombania mume, na machozi yote hayo hayazing'oi kope zake za bandia. Mwanamke wa kwetu anabeba kuni. Ni lini mmemwona hata mmoja wao akisoma kitu?

Nanyori, binti yake, alisoma hapa hapa. Madaktari wa macho walipopita walimpa miwani, akaificha chini ya godoro. Mwalimu Bernadina alipombana, alijibu, "Madam, mwanamke wa kwetu havai miwani. Hata mama, kwenye televisheni, hana." Ubao hakuuona. Alifeli kidato cha pili, akarudia, akafeli tena, na sasa yuko nyumbani. Ningependa kuuliza ni wangapi kati yenu mlimcheka, lakini mimi sina haki ya kuuliza.

Sasa, ya getini. Asubuhi Mama Nanyori ameshuka kwenye basi miwani ikiwa usoni, anasoma kadi yetu ya mwaliko. Tumekumbatiana. Mpiga picha wa shule akainua kamera. Mama akaivua haraka haraka, akaisokomeza ndani ya shuka alilojitanda. Hakuna aliyemwambia. Nilishamwambia mimi mara moja, ikatosha kwa maisha yote. Nina uchungu, waheshimiwa, na sitauficha eti kwa sababu leo ni sherehe.

Mama Nanyori, nakuona pale mstari wa tatu. Nakuomba mbele ya watu hawa: vaa miwani yako, uje ukate utepe huu badala yangu. Kijana wa kamera, hebu iweke chini kwanza. Njoo, dada yangu.

Anatikisa kichwa.

Haya. Simlazimishi. Nitakata mimi.

Wasichana, chumba ni chenu, tazameni. Lakini kila mwanamke atakayepita pale kwenye kioo, ulizaneni aliambiwa avue nini kabla kamera haijawashwa, na nani alimwambia. Nawashukuru walimu kwa kunialika, na wazazi kwa safari ndefu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mama Nanyori naye alinisikiliza.