Mtungaji wa Mfalme, Baba wa Mfungwa

Marehemu mdogo wangu, ambaye mji mzima ulimwita Malenga wa Kasri na sisi nyumbani tulimwita Kidole, kwa kuwa alihesabu mizani kwa vidole hata akiwa mezani, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1938, mtoto wa pili wa fundi viatu. Alilia kwa sauti nzito hadi mkunga akamwambia mama, "Huyu mpeleke mnadani, atauza hata mawe."

Alisoma hadi darasa la saba. Elimu iliyobaki aliipata katika kiwanda cha uchapaji, kwa kusoma karatasi zilizoharibika, na alianza kupanga herufi huko mwaka 1955. Siku hizo herufi zilikuwa za risasi, na ubeti ulikuwa na uzito mkononi. Leo mtu anabonyeza simu, anakatakata sentensi, anapanga vipande kimoja juu ya kingine na kujiita mshairi. Marehemu hakuwahi kutoa mbele ya watu ubeti unaochechemea. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo iliyomvunjia nyumba.

Tarehe 12 Januari 1963 alimwoa fundi cherehani aliyekuwa na chumba mkabala na kiwanda. Alimposa kwa beti kumi. Shemeji alizisikiliza zote huku akishona, akakata uzi kwa meno, akasema, "Maneno yote hayo, na bado hujasema unataka nini." Walijaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume.

Mfalme alipotawazwa, mwaka 1966, marehemu alighani uwanjani mbele ya umati, na tangu siku hiyo akawa mtungaji wa kasri. Kila mwaka, siku ya kutawazwa, alipeleka shairi jipya. Mwanzoni hakukuwa na aibu ndani yake. Mfalme alikuwa akikaa barazani, watu wakibishana naye, na jioni akirudi kwake kwa miguu. Baadaye alilifunga baraza, akavunja vyama vya wafanyakazi, akaamuru picha yake ibandikwe ndani ya jalada la kila daftari la shule. Marehemu akaendelea kusifu. Mwanawe, aliyekuwa fundi katika karakana ya reli, alimwambia mezani, "Baba, wewe unampaka mafuta, sisi ndio anaotukaanga." Marehemu akamjibu ale chakula chake.

Mwezi Mei 1989 karakana iligoma, na mwanawe akakamatwa kama kiongozi wa mgomo. Hakufikishwa mahakamani. Katibu wa kasri alimwita marehemu ofisini, akamkaribisha kiti, akamwambia aandike shairi kuhusu huruma ya mfalme, na kijana atatoka. Marehemu aliliandika kwa wiki moja. Wengi wenu mnalijua kwa moyo, kwani watoto wenu walilazimishwa kulikariri:

Mkono ulonifunga, ndio nilioubusu,
machozi yangu nachunga, ningoje uyaruhusu.

Nasema mbele ya jeneza lake kwamba hakuna aliyewahi kutunga vizuri kuliko hapo. Mfalme alilia aliposomewa. Kijana hakutoka. Marehemu aliporudi kuuliza, katibu alimwambia akicheka, "Mzee, miaka ishirini na kitu ulikuwa unatuletea maji ya kunawa. Sasa umeleta asali. Mtoto akitoka, utaandika nini?"

Basi kila mtu pale nyumbani alielewa. Shairi likiwa zuri, kijana anabaki ndani. Mwaka uliofuata nilimwambia, "Kidole, andika utumbo. Vunja vina. Waone umeisha, wakutupe, wakurudishie mtoto wako."

"Nitajaribu, kaka."

"Usijaribu. Andika vibaya. Hata mimi naweza."

"Wewe unaweza," akasema. Hata siku ile alipata nafasi ya kunidharau.

Aliandika vibaya kweli. Alitusomea sebuleni, na mkewe akafurahi kama siku ya harusi, kwa jinsi lilivyokuwa bovu. Asubuhi alipovaa koti kwenda kasri, mkewe alimwomba alisome tena. Lilikuwa limenyooka. Kila mizani mahali pake. Alikuwa amerekebisha neno moja lililomkera, na hilo likadai jingine. Shemeji aliketi chini mlangoni, akamwambia, "Ungekuwa fundi mbovu, mwanangu angekuwa nyumbani." Marehemu alimruka, akaenda kulipeleka.

Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka hadi mfalme alipokufa, tarehe 20 Septemba 2001, kitandani kwake, bila maumivu. Magereza yalifunguliwa. Kijana alitoka amepinda mgongo na hana meno ya mbele. Marehemu alimngoja getini akiwa amevaa suti. Kijana alimpa mkono, akasema, "Shikamoo, baba. Ulikuwa unaandika vizuri. Walikuwa wanatusomea uani, tumepiga magoti. Nilikuwa nikisikia tu ubeti wa kwanza, najua mwaka huu pia sitoki." Kisha akaingia kwenye gari la dada yake. Marehemu hakutunga tena.

Kisukari kilimwanza mwaka 2009, kikamchukua mguu, kisha macho. Wasomi wa chuo kikuu walikuja na vinasa sauti, wakamwuliza kuhusu tamathali za usemi. Hakuna aliyeuliza kuhusu mtoto. Mwezi uliopita mwanawe alifika wodini kwa mara ya kwanza. Marehemu alimtambua kwa hatua zake.

"Nilijaribu kuandika vibaya," akamwambia.

"Hukujaribu sana, baba."

"Hapana," marehemu akasema. "Sikujaribu sana."

Kijana alimgeuzia mto upande wa baridi, akaondoka. Marehemu alifariki tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amekwenda kufua.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano na mimi kaka yake. Chama cha waandishi kiliomba lile shairi la huruma lisomwe hapa kaburini, na ukurasa wake ulikwisha kupangwa katika ratiba hii. Leo asubuhi, kabla haijachapwa, mwanawe alinijia uani, akaniambia, "Baba mkubwa, nitambeba, nitamfukia kwa mikono yangu. Lakini lisisomwe shairi. Lolote." Nimekubali, na ile mistari miwili iliyonitoka anisamehe; wenye chama wakiona vibaya waone. Kwa hiyo ukurasa wa mwisho mliopewa ni mtupu, na malenga mkuu wa zama zetu atashuka kaburini bila hata ubeti mmoja, kwa amri ya mtu pekee aliyestahili kumwamuru.

Alale kwa amani, na mtu asimwamshe kwa kumsifu.