Mwalimu Lidwina Haule na Mto Unaomeza Majina

Nadai, na nitalitetea dai hili mbele ya yeyote katika hafla hii ya kuagana, kwamba katika miaka thelathini ya utumishi inayokoma tarehe 30 Juni 1996, Mwalimu Lidwina Haule hakufundisha kitabu cha kweli zaidi kuliko riwaya ya *Mto Unaomeza Majina*, ingawa humo mawe hutembea na mto husema.

Alianza kazi Mbinga mwaka 1966, na tangu 1974 hajaondoka katika shule yetu ya sekondari hapa Songea. Amekuwa mwalimu wa Kiswahili, mkuu wa idara, mlezi wa bweni la wasichana, na sauti ambayo kwaya ya wafanyakazi haikuthubutu kuanza bila kuisikia. Kila chaki aliizungushia kipande cha karatasi asichafuke. Hata hivyo hatujapata kumwona akitoka darasani bila alama nyeupe juu ya sikio.

Riwaya yenyewe inasimulia makuzi ya kijana anayevuka mto wa ajabu. Akiwa majini, mto unalichukua jina lake, na tangu hapo msimulizi naye halitaji tena. Kwa sura sita mhusika mkuu ni "yeye" tu. Ng'ambo aliyotoka, mama yake anaita jina lilelile la zamani, sura hadi sura. Takriri hiyo inachosha masikio, na imekusudiwa kuchosha.

Kwa miaka kadhaa Mwalimu Lidwina alifundisha kwamba mto ule ni ishara ya kifo. Kisha mwaka 1979, baada ya likizo ya Juni, aliita majina darasani, na mwanafunzi mmoja kutoka Nakapanya, kijiji cha Tunduru, akakaa kimya. Akamwita tena, kimya. Akamtoa nje kwa kosa la utovu wa adabu. Ndipo Zulfa, binti wa kijiji hichohicho, aliponyoosha mkono: "Samahani, Mwalimu, huyo unayemwita alishabaki jandoni. Aliyerudi anaitwa Saleh. Ukimwita lile la zamani unamtukana!" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alitoka nje, akamwita Saleh, naye akaitika. Jina la utotoni silitaji hapa, kwa heshima ileile.

Siku hiyo aliifundisha riwaya upya. Mto hauui, unamaliza utoto. Ukimya wa msimulizi si hila ya kumchanganya msomaji, bali ni adabu. Na ukurasa wa mwisho, ambapo mama ananyamaza kuita na kumuuliza mwanawe, "Nikuite nani sasa?", unabeba dhamira kuu: mtoto akikua, mzazi naye ana la kujifunza. Nimesoma riwaya za makuzi za mabara matatu. Sijakuta nyingine iliyojenga dhamira yake kwa msimulizi kukataa kulitaja jina tu.

Sasa kamati ya taaluma inakusudia kukiondoa kitabu hiki madarasani mara Mwalimu atakapokabidhi ofisi. Mwenyekiti wake, Mwalimu Erasmus, ametamka hadharani katika chumba cha walimu: "Jamani, nchi iko kwenye soko huria, ninyi bado mnafundisha mito inayosema? Huo si ushirikina?" Namheshimu kaka yangu huyu, lakini amekosea. Anayeona uchawi tu katika mto ule ameisoma fani akaiacha maana. Na soko, liwe huria namna gani, halitamfundisha kijana wa Tunduru wala wa Lizaboni hapa mjini namna ya kuwa mtu mzima.

Mwalimu Lidwina, shikamoo. Tunakushukuru kwa sauti yako, kwa ukali wako, na kwa siku ile uliyotoka nje kumwita mwanafunzi kwa jina lake. Mungu akupe afya, na mibuni yako ya Mbinga ikuzalie vizuri.

Kwako, Mwalimu Erasmus: mwenye kitabu anaagwa leo, hivyo jibu lisingoje kikao. Simama mbele ya wageni hawa utuambie kama kitabu kinabaki au kinaondoka, na kwa hoja gani. Mwalimu amekaa mstari wa mbele. Tunasikiliza.