Anti Dufie na Redio Iliyojifunza Lugha ya Soko

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, Bi Dufie Antobam anastaafu baada ya kuitumikia Redio Tanoani, hapa Techiman, kwa miaka ishirini na sita.

Alitujia kutoka Accra na stashahada ya utangazaji, viatu vya visigino virefu na uhakika mwingi. Mmiliki wetu, Mzee Gyamerah, alimkabidhi kazi ya kuamua kituo kiwe cha namna gani. Anti Dufie hakusita: muziki wa vijana kutwa na watangazaji wa Kiingereza cha mbio, kama ilivyokuwa ikivuma Accra. Techiman haikuvuma. Vituo viwili vya mjini vilikuwa vinafanya hivyohivyo, tena vizuri kuliko sisi. Mwaka wa pili matangazo ya biashara yalikauka, na kanisa moja likaja kutaka kununua masafa yetu.

"Dufie, nauza," Mzee alimwambia mbele yetu sote.

"Nipe hadi mavuno ya viazi vikuu yaishe, Mzee. Nikishindwa, mlango nitaufunga mwenyewe."

Kesho yake alivaa kandambili akaenda sokoni, akashinda huko wiki nzima. Hakuuliza watu wanapenda wimbo gani. Aliuliza wanaamka saa ngapi, na wanapatana bei kwa lugha gani. Maame Takyiwaa, kiongozi wa wauza viazi vikuu, alimcheka waziwazi.

"We binti, hiyo redio yako inaongea na nani? Mimi nina wateja wa Tamale, wapakiaji wa Kihausa, na masikio yamechoka. Kijana wenu anapayuka tu!"

Anti Dufie alirudi kituoni akapangua kila kitu. Alfajiri zikawa bei za mazao na hali ya barabara, kwa Kitwi, Kihausa na Kidagbani. Mchana zikapigwa nyimbo za hailaifu za zamani, zile ambazo watu wazima walizichezea harusini mwao. Jioni yakasomwa matangazo ya misiba, taratibu, majina yote ya ukoo. Watangazaji wawili walihamia kwa washindani. Mimi nilibaki, nikajifunza salamu za Kihausa vibaya kiasi kwamba wapakiaji walikuwa wanakuja hadi getini kunisahihisha.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa kipindi chake mwenyewe cha nyimbo za kwaya, Jumapili jioni. Alikipenda kama mtoto, lakini hakuna aliyekisikiliza. Tulimsihi akiache. "Nikikibakiza changu, cha mwenzangu nitakifuta kwa uso gani?" alisema. Aliwaaga wasikilizaji wake wachache, akatoka studio akijifuta macho, na saa ile akawapa madereva wa malori.

Kabla mavuno hayajaisha, uliweza kutembea kutoka stendi ya malori hadi kwa wauza nyanya bila kupitwa na neno letu hata moja, maana kila kibanda kilifungulia redio yetu. Kisha Maame Takyiwaa akaja ofisini na wenzake, wakakataa viti.

"Mzee, ukiiuza redio hii, viazi utaenda kula Kumasi."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Hakuuza.

Miaka mingi baadaye, Anti Dufie alipotumwa kuanzisha kituo dada Sunyani, karibu na mabweni ya wanafunzi, tulitarajia hailaifu na bei za viazi. Akaweka muziki wa vijana, ule ule uliomshinda hapa. Tulimtania sana. "Nyimbo hazikuwa na kosa," alijibu. "Nilikuwa nimezipeleka kubisha hodi nyumba isiyo yake." Kituo kile kinaendelea vizuri hadi leo.

Anahamia kijijini kwao, ng'ambo ya vilima, ambako mawimbi yetu hayafiki. Fundi mitambo amejitolea kuurefusha mnara. Anti Dufie amemwomba, kwa heshima zote, auache ulivyo: amesikiliza redio miaka ishirini na sita, sasa anataka kusikia majirani.

Anti, asante kwa kutufundisha kusikiliza kabla ya kusema. Nenda salama, uzeeke kwa raha, na majirani wako wawe na mengi ya kusimulia.