Alipima Gogo, Akaisahau Jeki

Kila asubuhi msichana wa chuo huegemeza kichwa dirishani na kusinzia mpaka basi lifike mwisho wa safari. Leo usingizi ulikatizwa na fremu ya chuma iliyotua juu ya kiatu chake.

"Samahani, binti," alisema mzee aliyeibeba. "Ni mashine ya kuchanjia kuni. Nimeiunda mwenyewe."

Mama wa kiti cha mbele akageuka. "Mbona unaihamisha, baba? Imekushinda?"

"Naipeleka kwa fundi aiongeze urefu. Niliikata sawasawa na gogo, jeki ya kulisukuma ikakosa pa kukaa."

Mama akaangua kicheko cha mtu ambaye hajawahi kupima chuma. "Kwa hiyo gogo lingejisukuma lenyewe?"

"Ndiyo mara yangu ya kwanza, mama. Maisha yote nimekuwa karani."

"Si ushike shoka tu, yaishe!"

Msichana alijiuma mdomo asicheke. Kisha akaona mzee anavyokwangua kutu kwa ukucha, hamu ya kucheka ikamwisha.

"Shoka analo mke wangu. Tangu mgongo wangu uharibike, kuni anachanja yeye."

"Na mashine anaionaje?"

"Ananicheka kuliko wewe. Nilimwambia nacheza tu, napitisha muda."

Basi likasimama. Mama akainuka, akashika upande mmoja wa fremu. "Kumbe huchezi?"

Mzee alikuwa ameshakanyaga ngazi. "Sichezi, mama. Bega lake linamuuma, nami nakaa kitini namtazama. Naona aibu, na namhurumia."