Mama Barafu na Foleni ya Chanjo

Mwisho wa mwezi huu, tarehe thelathini, muuguzi wetu wa chumba cha chanjo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Ukiuliza jina lake la kwenye cheti utazungushwa wodi zote. Uliza Mama Barafu. Hata mgonjwa aliyelazwa jana atakuonyesha mlango.

Alianza wodi ya wazazi, akahamia kliniki ya watoto, kisha akakabidhiwa chanjo, na friji zake akazilea kama watoto wachanga. Yeye huwaambia wauguzi wapya kwamba friji kubwa ina wivu, ukiifungua bila sababu inanuna. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuthubutu kuficha soda yake humo.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa mwaka ule wa homa. Ugonjwa ulikuwa umepamba moto, chanjo ya kwanza ikaletwa kisanduku kimoja tu, na sisi watumishi tulikuwa wengi kama siafu. Mwenye cheo alitaja cheo, mwenye mvi alitaja mvi, na mwenye shemeji mkubwa serikalini alimtaja shemeji.

Mama Barafu aliweka kiti mlangoni, akamwuliza kila mtu swali moja: leo umemgusa nani? Waliogusa wagonjwa au nguo zao waliingia. Wafagizi wa wodi ya kutengwa na wahudumu wa mochwari waliingia bega kwa bega na madaktari. Mhasibu mkuu, na tai yake shingoni, alikiri kwamba amegusa kikokotoo. Tulicheka mpaka foleni ikapinda. Naye akacheka, akatoka, akaenda kutuletea mabenchi.

Jioni, kichupa cha mwisho kilibaki na dozi moja, na kichupa kikishafunguliwa hakilali, kisipotumika kinamwagwa. Kwenye benchi alikuwa amekaa dada yake mkubwa, mwenye pumu, aliyemletea chakula. Sote tulimwambia ampe dada yake, nani atalalamika? Machozi yalimlengalenga Mama Barafu. Kisha akaagiza aitwe dobi, aliyekuwa bado anafua mashuka ya wodi ya kutengwa.

“Dada atajifungia nyumbani,” alisema. “Huyu kesho anarudi kwenye mashuka yaleyale.”

Dada mtu alibeba vyombo vyake na chakula chote, akaondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata akaanza kukohoa. Tulimwona Mama Barafu akiwachoma watoto sindano zao za kawaida, halafu akienda nyuma ya jengo kupiga simu na kurudi amevimba macho.

Kumbe kilikuwa kile kifua cha dada cha siku zote. Kikapoa, jamani, kikapoa! Shehena ya pili ilipofika, zamu ikawa ya wenye maradhi ya kudumu. Dada alipanga foleni kama wengine, akanyoosha mkono bila hata kumsalimia mdogo wake. Sindano ilipotoka tu, Mama Barafu aliketi sakafuni akalia kwa sauti. Dada akamrushia pamba ya kujifutia: “Inuka wewe, unawatisha watoto wa watu.” Siku hiyo walikula pamoja, sahani moja.

Na dobi yule? Alichanjwa shati likiwa limelowa povu, na tangu mwezi uliopita ni mume wangu. Kila asubuhi namtazama akifunga vifungo, ananukia sabuni, mzima kama kigongo, na moyo wangu unajaa mpaka unamwagika. Wenzangu mtanisamehe, bibi harusi hana breki. Ila najua wengi humu mna mtu wenu wa kumtazama hivyo, kwa sababu mwanamke huyu hakumpendelea mtu yeyote, hata damu yake.

Sasa Mama Barafu anahamia kwa dada yake. Dada ametoa masharti mbele yetu sote: huko mezani atakayepakua ni yeye dada, na atakayeanza kupakuliwa ni yeye dada pia. Mama Barafu ameyakubali bila kubishana.

Asante, mama yetu. Afya iwe jirani yenu wa karibu, wewe na dada yako, na mzeeke pamoja mkigombania upawa.